Siku sita za Mwanzo 1: usomaji upi uushike, na kila mmoja unakudai nini

Anayejiandaa kufundisha Mwanzo sura ya 1 atakuta njia tano mezani, na zote zinashikwa na Wakristo wanaokiri kwamba Mungu ndiye aliyeumba vyote. Ya kwanza ni dunia changa: siku sita za saa 24, na tangu hapo hakujapita zaidi ya miaka 6,000 hadi 10,000. Ya pili ni pengo: muda mrefu usiotajwa umejificha kati ya mstari wa 1 na wa 2. Ya tatu ni siku-enzi: kila siku ni kipindi cha mamilioni ya miaka. Ya nne ni mpangilio wa kifasihi: juma la uumbaji ni umbo la kusimulia, si kalenda. Ya tano ni uumbaji kwa mageuko: Mungu alileta viumbe, pamoja na mwili wa mwanadamu, kwa kuvigeuza hatua kwa hatua. Hizi mbili za mwisho mara nyingi hukaa nyumba moja, lakini si lazima. Wapo wanaosoma siku sita kifasihi na mageuko wakayakataa kabisa.

Kuzieleza moja baada ya nyingine hakumsaidii mtu kuchagua, kwa sababu kila moja ikipewa nafasi ya kujieleza yenyewe inapendeza. Tuzisimamishe zote mbele ya swali lile lile, ndipo kila moja itaonyesha inapokwama.

Neno "siku"

Biblia ya Union ya 1952 inasema katika Mwanzo 1:5: "Mungu akaiita nuru Mchana, na giza akaliita Usiku. Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Watafsiri wetu wameweka maneno mawili, Mchana na siku. Kiebrania kina neno moja tu hapo, *yom*, limetumika mara mbili. Halafu Mwanzo 2:4 linarudi tena, "siku ile BWANA Mungu alipoziumba", na safari hii linabeba kazi yote ya uumbaji kwa pamoja. Ndani ya mistari 35, neno lile lile limechukua ukubwa wa aina tatu: mchana, siku nzima, na juma lote. Msemaji wa Kiswahili hashangai, kwa maana hata kwetu Jumatatu ni siku, na "siku za Nuhu" ni zama.

Watu wa siku-enzi hukimbilia hapo kutangaza ushindi. Ni mapema mno. Neno lenye maana tatu halizibebi zote mara moja. Majirani zake ndio wanaoamua. Katika sura ya 1 majirani ni namba, jioni na asubuhi, na hakuna anayesema "ikawa jioni ikawa asubuhi" akimaanisha zama. Hata jioni kutangulia asubuhi hakumpi shida mtu wa pwani, ambaye usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaoitangulia Ijumaa. Askofu Basil wa Kaisaria, katika karne ya 4, alisimama kwenye maneno haya haya, akauliza kwa nini imeandikwa "siku moja" wala si "siku ya kwanza", na akaeleza kwamba kipimo cha siku moja ni saa 24. Tafsiri ya Union imeitunza tofauti hiyo: "siku moja", kisha "siku ya pili", "siku ya tatu".

Kwa hiyo kwenye neno lenyewe, dunia changa inaongoza. Ila wanaoitetea wajihadhari na dai moja linalorudiwa sana, kwamba *yom* yenye namba siku zote ni siku ya kawaida. Hosea 6:2 ina "siku ya tatu" katika lugha ya mashairi, na Zekaria 14:7 ina "siku moja" ile ile ambayo haina mchana wala usiku. Dai hilo likivunjwa mbele ya darasa, linavunjika na mengine yaliyokuwa mazuri.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mpangilio wa kifasihi nao unakubali siku hizi ni siku za kawaida. Haurefushi neno. Unasema juma zima ni picha, kama vile mpanzi katika mfano wa Yesu ni mkulima wa kawaida kabisa ndani ya hadithi yenye shabaha nyingine. Ushahidi wake ni jinsi siku zinavyopangwa jozi: siku ya 1 nuru, siku ya 4 jua, mwezi na nyota, siku ya 2 anga na maji, siku ya 5 ndege na samaki, siku ya 3 nchi kavu na mimea, siku ya 6 wanyama na mtu. Siku tatu za kutengeneza makao, siku tatu za kuyajaza. Siku ya 7 haina "jioni na asubuhi". Msomi Mholanzi Arie Noordtzij aliipanga hoja hii mwaka 1924, na Meredith Kline wa Marekani akaiimarisha mwaka 1958 kwa kutazama Mwanzo 2:5, ambapo mimea inakosekana kwa sababu ya kawaida tu: mvua haijanyesha, na hakuna mtu wa kulima.

Jozi hizo hazikai sawasawa kote. Mianga ya siku ya 4 imewekwa katika anga la siku ya 2, si katika nuru ya siku ya 1. Samaki wa siku ya 5 wanajaza bahari, na bahari zilikusanywa siku ya 3. Kizito zaidi ni Kutoka 20:11, ambapo amri ya Sabato inategemea maneno "kwa siku sita BWANA alifanya mbingu, na nchi, na bahari". Anayesoma kifasihi lazima awe na jibu la mstari huu kabla hajaulizwa. Jibu lake la kawaida ni kwamba juma la mwanadamu linafuata mfano wa juma la Mungu bila kulazimika kulingana nalo kwa saa. Ni jibu linalofaa, ila halimnyamazishi kila mtu.

Siku-enzi inakwama mahali pengine: mfuatano. Ukizifanya siku kuwa enzi ili zilingane na jiolojia, basi zilingane kweli. Miti ya matunda iko siku ya 3, kabla ya samaki wa siku ya 5. Katika miamba samaki wanatangulia kwa mbali. Ndege wako siku ya 5 na wanyama wa nchi kavu siku ya 6. Katika miamba ni kinyume. Watetezi wake husema jua la siku ya 4 lilikuwapo tangu awali, ila mawingu yalilificha. Maandishi yenyewe hayana wingu lolote. Na "miaka elfu ni kama siku moja" ya 2 Petro 3:8 haiwaokoi. Petro anazungumzia uvumilivu wa Mungu, na hata ukifanya hesabu, sita mara elfu ni 6,000, bado hujafika popote karibu na mabilioni. Hata hivyo njia hii imekuwa na watu wazito: William Jennings Bryan, aliyesimama dhidi ya kufundishwa mageuko kwenye kesi ya Dayton, Tennessee, mwaka 1925, alikubali mahakamani kwamba siku zile zingeweza kuwa vipindi virefu.

"Ilikuwa" au "ikawa"?

Njia ya pengo huhubiriwa kwa nguvu, hasa mahubiri yakiwa juu ya kuanguka kwa Lusifa. Thomas Chalmers wa Scotland aliieneza kuanzia 1814, na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya 1909 ikaifikisha kwa wahubiri wengi. Inasema Mungu aliumba dunia nzuri (mstari wa 1), Shetani akaanguka, dunia ikaharibika (mstari wa 2), kisha Mungu akaitengeneza upya kwa siku sita. Miamba na visukuku vyote, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vinatupwa ndani ya pengo.

Hoja yake yote inaning'inia kwenye kitenzi kimoja. Ili isimame, mstari wa 2 usomeke "nchi *ikawa* ukiwa". Union inasema "Nayo nchi *ilikuwa* ukiwa, tena utupu." Tofauti hii Mswahili anaisikia bila kwenda chuo. "-ka-" inasukuma tukio mbele: akasema, ikawa, akaona. "Ilikuwa" inaeleza hali iliyokuwapo tukio lilipoanza. Kiebrania kinafanya vivyo hivyo: mstari wa 2 unaanza na nomino, *ha'aretz*, si na kitenzi cha masimulizi, na huo ndio utaratibu wa kueleza hali. Kitenzi cha kusukuma masimulizi kinakuja mstari wa 3: "Mungu akasema." Kuhusu kuanguka kwa Shetani, Mwanzo 1 iko kimya kabisa.

Kati ya njia zote tano, hii ndiyo isiyofaa kuchaguliwa. Inalazimisha sarufi, na faida inayoahidi haiipati: visukuku ndani ya pengo vinaleta kifo kabla ya Adamu, jambo ambalo wengi wa wanaoihubiri walitaka kulikwepa.

Hesabu ya vizazi

Miaka 6,000 haikuandikwa mahali popote katika Biblia. Inapatikana kwa kujumlisha Mwanzo 5 na 11, na kila mwalimu aifanye mwenyewe kwa kalamu. Chukua umri wa kila baba alipomzaa mwana anayefuata: Adamu 130, Sethi 105, Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162, Henoko 65, Methusela 187, Lameki 182, na Nuhu 600 gharika ilipokuja. Jumla ni 1,656. Kutoka gharika hadi Tera anapotimiza miaka 70, Mwanzo 11 inaongeza 292. Kwa njia hii, na kwa kuunganisha na miaka ya wafalme, Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh alifikia mwaka 4004 KK katika kitabu alichochapisha 1650.

Sasa fungua hesabu ya Septuaginta, tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki, ambayo kanisa la kwanza lilisoma. Adamu ana miaka 230 anapomzaa Sethi, Sethi 205, Enoshi 190, na kadhalika. Jumla hadi gharika ni 2,242 katika nakala nyingi. Katika nakala hizo Methusela ana 167 anapomzaa Lameki, na kwa kuwa aliishi 969, anakufa miaka 14 baada ya gharika, naye hakuwamo safinani! Wasamaria nao wana jumla yao, 1,307. Kwa hiyo anayeshika dunia changa aseme pia anafuata maandishi yapi na kwa nini.

Je, vizazi vina mapengo? Luka 3:36 inamtaja Kainani kati ya Arfaksadi na Sela, na Mwanzo 11 ya Kiebrania haimtaji. Mathayo 1:8 inaruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia. Kuruka kizazi kulikuwa desturi. Lakini hapa wale wa dunia kongwe, yaani wanaokubali mabilioni ya miaka, wasijidanganye. Mwanzo 5 inatoa umri wa baba wakati wa kuzaa, na hilo hubana nafasi ya kuingiza majina, tena Yuda 14 inamhesabu Henoko kuwa "mtu wa saba baada ya Adamu". Ukivuta sana utapata maelfu machache zaidi. Mabilioni hayapatikani humu. Yakipatikana, yatapatikana kabla ya Adamu, ndiyo maana ugomvi wote unarudi kwenye siku sita.

Miamba, na Olduvai hasa

Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya hakutani na swali hili kwanza kanisani. Hukutana nalo katika somo la Historia, kwenye mada ya chimbuko la binadamu. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika bonde la Olduvai; leo linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mumewe, Louis Leakey, alikisia miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yakapimwa, jibu likatoka milioni 1.75.

Mwalimu anayetaka kulikubali au kulikataa jibu hilo ajue kwanza lilivyopatikana. Majivu ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo yake, potasiamu-40, huoza polepole na kutoa gesi ya agoni. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado moto, agoni hutoroka. Ikiganda, saa inaanza sifuri na agoni mpya inanaswa ndani ya fuwele. Maabara hupima vyote viwili na kugawanya.

Kuna makosa yanayoingia kwa njia zinazojulikana. Agoni isipotoroka yote, au vipande vya mwamba wa zamani vikichanganyika na majivu mapya, umri unatoka mkubwa kuliko ukweli. Mwamba ukipashwa moto baadaye au ukiliwa na hali ya hewa, agoni huvuja na umri unatoka mdogo. Lava changa mno haifai kwa njia hii kwa kuwa agoni yake haijatosha kupimwa. Watetezi wa dunia changa hutaja lava ya Mount St. Helens, volkano ya Marekani, ya 1986 iliyopewa umri wa miaka 350,000. Ni mfano wa kweli, na unaonyesha matumizi ya kipimo nje ya mahali pake. Kwa sababu ya makosa hayo wanajiolojia hupima fuwele moja moja na kulinganisha njia zaidi ya moja. Olduvai ilipimwa tena kwa njia bora zaidi na ikabaki kwenye milioni 1.8 na ushee.

Umri wa dunia yenyewe, miaka bilioni 4.55, ulitoka kwa Clair Patterson mwaka 1956, kwa kupima aina za madini ya risasi ndani ya vimondo. Kaboni-14, kipimo cha mabaki ya viumbe, haikuhusika hata kidogo. Nusu yake huisha kwa miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi hakibaki cha kupimika. Mhubiri anayeishambulia kaboni-14 ili kuangusha mabilioni anapiga nyumba isiyokaliwa, na kijana wa kidato cha sita aliye kwenye benchi la nyuma analijua hilo.

Dunia changa wana jibu zito kuliko hilo, na walitaje wenyewe kwa uaminifu. Wanasayansi wao walifanya mradi ulioitwa RATE kati ya 1997 na 2005. Walikiri kwamba miamba ina alama za kuoza kwa mamia ya mamilioni ya miaka kwa kasi ya leo, wakapendekeza kwamba kasi iliongezeka mno wakati fulani, hasa wakati wa gharika. Wakakiri pia kwamba joto ambalo lingetoka lingeyeyusha miamba, na kwamba hawajalitatua. Kuna pia swali la nuru: mwezi Februari 1987 nyota ilionekana ikilipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, kwa macho matupu hata huku kwetu, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi, yaani nuru yake ilisafiri miaka mingi hivyo kutufikia. Kusema Mungu aliiumba nuru ikiwa njiani ni kusema mlipuko ule haukutokea kamwe. Mtu anaweza kuliamini hilo, lakini asiliite ushahidi.

Mauti kabla ya dhambi

Hapa mizani inageuka, na dunia kongwe zote zinapaswa kutoa jasho. Mwanzo 1:30 inawapa wanyama majani kuwa chakula. Mungu anaona vyote kuwa "chema sana". Warumi 5:12 inasema mauti iliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Miamba ina mifupa yenye alama za meno na magonjwa. Kama miamba hiyo ilimtangulia Adamu, simba alikula nyama katika ulimwengu ulioitwa chema sana.

Jibu la dunia kongwe ni kwamba Paulo anasema mauti "ikawafikia watu wote", anazungumzia watu, wala hasemi swala. Kwa siku-enzi na kwa mpangilio wa kifasihi usioshika mageuko jibu hilo linatosha, kwa kuwa Adamu wao bado anaumbwa moja kwa moja kwa mavumbi. Kwa uumbaji kwa mageuko halitoshi. Lazima waseme Adamu ni nani: mtu mmoja halisi aliyechaguliwa miongoni mwa wengi, au mfano wa wanadamu wote. Chaguo la pili linagongana na Warumi 5 na 1 Wakorintho 15, ambako Adamu mmoja anasimama mbele ya Kristo mmoja. Anayefundisha mageuko kanisani bila kugusa swali hili amewaachia wasikilizaji wake shimo.

Kanisa lako limefunga mlango gani?

Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903 na leo wana waumini wengi Mara na Kisii, wamefunga: mkutano wao mkuu wa San Antonio mwaka 2015 uliandika katika imani namba 6 kwamba siku zilikuwa sita halisi na kwamba uumbaji ni wa karibuni. Sabato yao inategemea hapo, wala si jambo la pembeni. Kanisa Katoliki limeacha wazi umri wa dunia. Waraka wa Papa Pius XII wa 1950 uliruhusu kuchunguza kama mwili wa mwanadamu ulitoka kwa kiumbe kilichotangulia, ukisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na Yohane Paulo II mwaka 1996 alisema mageuko ni zaidi ya dhana. Kanisa moja la Kipresbiteri la Marekani, PCA, lilipokea ripoti mwaka 2000 iliyoweka dunia changa, siku-enzi na mpangilio wa kifasihi ndani ya uzio wa imani sahihi. Kanuni ya Imani ya Nikea haitaji siku za uumbaji wala umri wa dunia.

Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, asitumiwe vibaya na upande wowote. Aliandika kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na siku sita ni kwa ajili ya ufahamu wetu. Papo hapo aliamini historia ya wanadamu haijatimiza miaka 6,000.

Ukichagua sasa

Ukiangalia maneno peke yake, dunia changa ndiyo yenye njia fupi, na mwalimu aliye katika kanisa lililoifunga aifundishe bila haya, akiacha hoja za kaboni-14 na kutaja tatizo la joto waziwazi. Ukiangalia maneno na miamba kwa pamoja, mpangilio wa kifasihi ndio unaoomba maandishi yavunjwe kidogo zaidi, na ndio tunaoupendekeza kwa mwalimu aliye huru kuchagua, mradi amejiandaa kwa Kutoka 20:11. Siku-enzi ni daraja la kupita, si mahali pa kujenga. Uumbaji kwa mageuko usichaguliwe na mtu ambaye hajaandika, kwa sentensi zake mwenyewe, Adamu wake ni nani.

Kwa darasa la shule ya Jumapili chini ya miaka 12, fundisha maandishi tu: aliyeumba ni nani, mtu ni nani, siku ya 7 ni ya nini. Kwa kipaimara au vijana wa sekondari, tumia vipindi vitatu: cha kwanza kusoma Mwanzo 1:1 hadi 2:4 kwa sauti na kupigia mstari kila "siku", cha pili kujumlisha vizazi, cha tatu kueleza potasiamu na agoni kabla ya kuikosoa. Mtoto akiuliza aandike nini kwenye mtihani wa Historia kuhusu Olduvai, aandike kile kilichopimwa na jinsi kilivyopimwa, kwa kuwa ndicho anachoulizwa. Swali la Adamu alilete Jumapili, na mwalimu awe amelisoma.